Bustani ya Amani

Msomaji, ikiwa unaisoma insha hii mchana, hebu tazama nje ya dirisha la darasa lako. Pengine utauona mgrevilea uliosimama mpakani mwa kiwanja, au mjakaranda, au mwembe, au mparachichi. Miti hii umeizoea tangu utotoni, hata huenda ukadhani kwamba ilizaliwa na ardhi hii pamoja na mababu zako. Sivyo. Mgrevilea kwao ni Australia ya mashariki. Mjakaranda kwao ni Amerika ya Kusini. Mwembe asili yake ni Bara Hindi na nchi zilizo jirani nalo. Na mparachichi ulitoka Mexico na Amerika ya Kati. Kila mmoja ni mgeni aliyekaribishwa. Mgeni naye, kabla ya kupewa shamba, hana budi kujulikana tabia zake. Ni nani aliyezichunguza tabia za wageni hawa, na alizijuaje?

Swali hili lilinijia kwa njia ndogo. Katika chuo cha ualimu ninapofundisha iko miembe miwili nyuma ya jiko, imesimama bega kwa bega. Mmoja huzaa maembe matamu yasiyo na nyuzi. Wa pili huzaa maembe madogo, makali, ambayo hata watoto wa jirani huyaacha chini yakaoza. Mwaka mmoja wanafunzi wangu walitaka kuongeza miembe, wakaniuliza, "Mwalimu, huu ulio mwema ni wa aina gani, nao ulitoka wapi?" Nilikwenda ofisini nikapekua madaftari ya zamani, nisipate hata mstari mmoja. Aliyeupanda hakuandika, na waliokuwapo siku ile wametawanyika. Miti ilikuwa imekwisha kujibu, lakini swali lenyewe lilikuwa limepotea. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za watu walioyauliza maswali ya namna hii na kuyaandika, na hakuna mahali katika Afrika Mashariki palipo na historia yake kama Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, nyuma ya mji wa Tanga.

Yafaa tufahamu kwanza kwa nini kuujaribu mti ni kazi ngumu kuliko kuijaribu nafaka. Mkulima akipanda mahindi ya namna mpya, baada ya miezi michache atajua kama ni mema au mabaya, na asiporidhika, msimu ujao atabadili. Mti hauna haraka hiyo. Mwembe uliooteshwa kwa kokwa waweza kukaa miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Tena miti mingi ya matunda haimfuati mama. Kokwa ya parachichi jema yaweza kuotesha mti wenye maparachichi mabovu, kwa kuwa ua la mama huenda lilipata chavua ya mti mwingine. Kwa sababu hiyo mtu akiupata mti mmoja mwema, njia ya kuuzidisha ni kukata kikonyo chake na kukiunganisha na shina la mche mwingine, hata viwili viwe kimoja.

Parachichi la Hass, ambalo wakulima wengi wa Kenya huliuza ng'ambo, lilianza hivyo. Katika miaka ya 1920 Rudolph Hass, mpeleka barua wa posta huko California, aliotesha mbegu za maparachichi apate mashina ya kuunganishia vikonyo vya aina iliyosifiwa wakati ule. Mche mmoja ulivikataa vikonyo vyote alivyojaribu kuunganisha nao, akauacha ukue upendavyo. Ulipozaa, matunda yake yalikuwa matamu kuliko yale aliyokuwa akiyatafuta. Mwaka wa 1935 alipata hati ya kumtambua kuwa mwenye aina hiyo. Mti mama ulikatwa mwaka wa 2002 baada ya kuugua mizizi, lakini kila mparachichi wa Hass ulioko duniani leo ni kipande cha mti ule.

Mti wa kivuli nao una taabu ya peke yake, kwani kivuli ni kitu cha kupimwa. Mkahawa wa asili huota chini ya miti mikubwa katika misitu ya Ethiopia, kwa hiyo hupenda kufunikwa kidogo. Kivuli hupunguza joto la mchana; majani yaangukayo hurutubisha udongo; na mkahawa uliofunikwa hauzai kupita nguvu zake hata ukachoka. Walakini mti ule ule utiao kivuli hunywa maji, na mahali penye mvua haba huunyang'anya mkahawa kinywaji chake. Ndiyo maana mti uliosifiwa katika mlima mmoja waweza kulaaniwa katika bonde la pili. Hakuna awezaye kulijua jambo hili kwa kufikiri tu kitini. Sharti apande, angoje, apime, na aandike.

Walowezi wa Kijerumani hawakungoja walipoingia Usambara ya Mashariki. Katika miaka ya 1890 makampuni yao yaliutazama msitu ule, miti mirefu ajabu, mvua nyingi, ukungu wa asubuhi, wakasema kwamba ardhi inayolisha msitu kama huu haikosi kuwa tajiri. Wakafyeka, wakapanda mikahawa. Mwanzoni mashamba yalitia moyo, kisha mikahawa ikaanza kudhoofu. Utajiri haukuwa katika udongo. Ulikuwa katika msitu wenyewe. Majani yalianguka, yakaoza, na mizizi ikakinyonya chakula kile kabla hakijazama. Miti ilipoondolewa, mvua ilikichukua chakula chote ikakipeleka mtoni. Fedha nyingi zilipotea, na msitu uliofyekwa haukurudi.

Ndipo mwaka wa 1902 serikali ya Kijerumani ilipoanzisha Amani chuo cha kuchunguza mimea na kilimo, mahali palipo juu kiasi cha mita 900 kutoka usawa wa bahari. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann, aliyewahi kusafiri na Emin Pasha hadi nchi za maziwa makuu katika mwaka wa 1890 na 1891. Pamoja naye alikuwapo Albrecht Zimmermann, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi kabla ya hapo katika bustani mashuhuri ya Buitenzorg katika kisiwa cha Java, mahali paitwapo Bogor siku hizi. Mfano waliouiga ulikuwa ule wa Java: kuleta mbegu na miche kutoka nchi zote za joto, kuipanda katika viwanja vilivyopimwa, kuipa kila moja nambari na tarehe, na kuitazama mwaka baada ya mwaka. Mteremko wa mlima uliwasaidia sana, kwa sababu waliweza kuujaribu mti mmoja katika baridi ya juu na katika joto la bonde la Sigi chini. Miti ya kwinini ilipandwa, na midalasini, na mikarafuu, na mikafuri, na mikahawa ya namna nyingi, na miti ya mpira, na miti ya matunda na ya mbao kutoka Asia na Amerika. Kabla ya vita vya 1914 mamia ya aina za mimea ilikuwa imekwisha kupandwa.

Msomaji, usidhani kwamba hii ilikuwa bustani ya hisani. Ilikusudiwa kuwatajirisha walowezi na nchi yao. Waafrika ndio waliochimba mashimo, waliobeba maji, waliopalilia na kuokota mbegu, katika siku ambazo kodi ya nyumba iliwalazimisha watu kutafuta kazi ya fedha, wapende wasipende. Madaftari ya Amani yaliandika kwa uangalifu jina la kila mti na nchi uliyotoka. Majina ya mikono iliyoupanda hayakupewa uangalifu huo. Nadhani ni haki tulikumbuke jambo hili kila tunapoisifu kazi ile.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika, meli za Waingereza ziliifunga bahari, na koloni ya Wajerumani ikakosa vitu vya kutoka Ulaya. Mahali palipoitwa Amani pakageuka ghala la vita. Magome ya miti ya kwinini yalitwangwa na kutengenezwa dawa ya malaria kwa ajili ya askari, na vitu vingine vingi vilivyokuwa vikinunuliwa ng'ambo vilitengenezwa pale pale kwa mimea ya bustani. Mwaka wa 1916 Waingereza waliiteka nchi ile. Kwa miaka kadhaa baadaye bustani haikupata matunzo ya kutosha. Vichaka vilipanda juu ya vibao vya majina, na miti mingi ikabaki bila mtu wa kuiuliza hali. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Waingereza walikifungua tena chuo hicho kiwe kituo cha utafiti wa kilimo kwa Afrika Mashariki nzima, chini ya William Nowell.

Hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo kwangu ni fundisho kubwa la Amani. Katika siku za Wajerumani, mti uliotumainiwa sana kwa biashara ulikuwa mpira wa Ceará, uliotoka kaskazini mashariki mwa Brazil. Maelfu kwa maelfu yalipandwa katika mashamba ya Tanga na kwingineko. Kisha Asia ikaanza kuuza mpira mwingi ulio bora zaidi kutoka mti mwingine, bei ikaanguka mwaka wa 1913, na mashamba yakatelekezwa. Mtu yeyote aliyepita siku zile angaliandika katika daftari lake neno moja tu: umeshindwa. Watu wa kawaida hawakuutupa kabisa. Waliuacha karibu na nyumba, na katika Tanzania hata leo majani yake huchumwa na kupikwa, yakaitwa kisamvu cha mpira.

Mti huu, msomaji, ni ndugu wa muhogo. Muhogo wa Usambara ulikuwa umepatwa na ugonjwa wa batobato, uliotajwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka wa 1894 katika nchi hiyo hiyo. Majani hujikunja na kuwa na mabaka, na viazi vyake hudumaa. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa Amani aitwaye H. H. Storey alianza kuuzalisha muhogo pamoja na ndugu zake wa porini na wa mashambani, na mmoja wa ndugu hao ulikuwa ule mpira wa Ceará. Watoto wa kwanza walistahimili ugonjwa, lakini mizizi yao ilikuwa haifai kuliwa. Wakazalishwa tena na muhogo, na watoto wao wakazalishwa tena, mpaka ikapatikana mihogo yenye kuzaa vizuri na kustahimili maradhi. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka ishirini na zaidi, ikapokewa na mtu baada ya mtu. Mbegu zilipelekwa Nigeria, na huko Ibadan, katika miaka ya 1970, wataalamu walijenga juu yake aina mpya zilizosambazwa katika nchi nyingi za Afrika. Batobato kali ilipoiangamiza mihogo ya Uganda katika miaka ya 1990, aina za ukoo huo zilikuwa miongoni mwa zile zilizorudisha chakula mashambani. Katika pwani ya Kenya muhogo uitwao Kaleso nao ni mtoto wa Amani. Kwa hiyo ule mti ulioandikwa kuwa umeshindwa mwaka wa 1913 ulikuja kulisha watu waliokuwa hawajazaliwa. Kama wote ungaling'olewa kwa hasira, hasara ingalikuwa ya nani?

Sasa nikusimulie habari ya mti mwingine, iliyokwenda kinyume. Katika mwaka ule ule wa 1913 uliletwa Amani mti uitwao mhesi. Kwao ni misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati mpaka Uganda, ambako huitwa musizi, na magharibi mwa Kenya, ambako Waluhya huuita mutere. Jina lake la kitaalamu, Maesopsis eminii, lilitolewa kwa kumkumbuka Emin Pasha, yule aliyekuwa msafiri mwenzake Stuhlmann. Mhesi ulipendeza. Hukua upesi, hunyooka, hutoa mbao na kuni, na kivuli chake chepesi chafaa kufunika mazao. Yeyote aliyeupima baada ya miaka kumi, au ishirini, au thelathini, angaliandika kwamba umefaulu. Katika miaka ya 1960 watu wa idara ya misitu waliupanda kwa wingi mahali miti ya mbao ilipokuwa imekatwa, na wakulima wa iliki nao wakaupenda, kwa maana iliki haitaki jua kali.

Walakini kulikuwa na mpandaji mwingine ambaye hakuajiriwa na mtu. Hondohondo, ndege mkubwa wa msituni, hula matunda ya mhesi, kisha huruka mbali na kuzidondosha mbegu. Kila mahali mti mkubwa ulipoanguka au ulipokatwa na jua likapenya, mbegu za mhesi ziliota na kuwatangulia wenyeji. Kufikia miaka ya 1980 wachunguzi walitambua kwamba mgeni huyu ameingia sehemu kubwa za msitu wa asili. Msitu wa Usambara ya Mashariki una mimea na wanyama wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na mto Sigi utokao humo huupa mji wa Tanga maji. Miti yake ikibadilika, mengi hubadilika pamoja nayo. Ukataji wa mbao kwa mashine ulisimamishwa katika miaka hiyo hiyo ya 1980, na mwaka wa 1997 msitu pamoja na bustani ya zamani ukawekwa chini ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Lakini mhesi hauwezi kurudishwa kwao. Ilichukua miaka sabini mti huu kulitoa jibu lake la pili.

Je, tuseme mhesi ni mti mbaya? Hapana. Nchini Uganda hutia kivuli juu ya kahawa, nao u nyumbani. Hata Usambara huenea zaidi mahali palipofyekwa, na msitu uliotulia haupi nafasi kubwa. Ubaya haukuwa katika mti wala katika mtu aliyeuleta. Ulikuwa katika kulichukua jibu la kwanza kana kwamba ndilo la mwisho.

Wenye Amani wenyewe walibadilika tena. Kuanzia mwaka wa 1948 kazi ya utafiti wa kilimo na misitu ilihamishiwa Muguga, karibu na Nairobi, na majengo ya mlimani yakachukuliwa na watafiti wa malaria. Mwaka wa 1950 mimea iliyokaushwa na kuhifadhiwa Amani ililetwa Nairobi, ambako hifadhi yake ingalipo. Pamoja nayo alikuja P. J. Greenway, aliyekuwa ametunga kule Amani kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili. Majina hayo hakuyabuni yeye, bali yalitoka kwa watu wa pwani na wa bara walioijua miti yao kabla ya chuo chochote. Muguga nayo ilikuwa ya nchi zote tatu mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, na tangu 1986 taasisi ya Kenya ya utafiti wa misitu inafanya kazi yake hapo.

Hesabu basi, msomaji: Wajerumani, Waingereza, Tanganyika huru, Tanzania, na jumuiya iliyojengwa ikavunjika. Bendera zilishushwa na kupandishwa, wakuu walikuja wakaenda, lakini miti ya Amani iliendelea kukua katika viwanja vyake bila kuuliza nani anatawala. Kilichowawezesha wa baadaye kuyaelewa majibu ya miti hiyo si werevu wao peke yao. Ni lile daftari lililosema: mti huu ulitoka mahali fulani, ulipandwa hapa, mwaka fulani. Bila daftari, mhesi ungaonekana mwenyeji, na hakuna ambaye angalijua kwamba msitu unabadilika.

Nilipokwisha kusoma haya nilirudi kwa wanafunzi wangu. Tulikata vikonyo vya ule mwembe mtamu wa nyuma ya jiko, tukaviunganisha na miche kumi na miwili iliyooteshwa kwa kokwa. Saba ilishika, mitano ikafa. Tuliinunulia miche hiyo daftari gumu, na ukurasa wa kwanza tuliandika tarehe, idadi ya iliyokufa pamoja na iliyopona, mti mama ulipo, na jina la kila mwanafunzi aliyeshika kisu. Mahali pa jina la aina ya mwembe tuliandika: "Haijulikani." Daftari hilo liko maktabani, na kila mwaka wanafunzi wapya huliongezea ukurasa. Wewe nawe, ukipewa mche wa kupanda shuleni kwako, uliza umetoka wapi kabla hujachimba shimo, kisha liandike jibu mahali ambapo mtu mwingine ataweza kulisoma utakapokuwa umekwisha kuondoka.